Kioo Kikubwa Ndani ya Gari na Njia za Sekei

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki iliyopita niliandikiwa na mkazi mmoja wa Sekei, hapa Arusha, ambaye amenunua gari lililotumika kutoka Japani. Anasema kila asubuhi akiwasha gari, sauti ya mwanamke humsemesha Kijapani kwa adabu kubwa. Katikati ya dashibodi kuna kioo kidogo chenye ramani, na ramani hiyo haina hata mtaa mmoja anaoufahamu. Anauliza kama aking'oe aweke kioo kikubwa cha kisasa chenye kuonyesha njia, na kama ndivyo, achague kipi: cha inchi 7, cha inchi 9 au cha inchi 10.

Duka la vifaa vya magari litamjibu haraka: chukua kikubwa. Mimi nitamjibu polepole, tena kwa kurudi nyuma miaka mingi, kwa sababu swali lake la inchi ni swali dogo lililopakia mgongoni swali kubwa.

Tuanze na huyo mama wa Kijapani. Anachosema, mara nyingi, ni kwamba kadi ya ETC haijawekwa. ETC ni utaratibu wa kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama getini, ulioenea nchini humo kuanzia mwaka 2001. Kwa hiyo msikilizaji wetu, akiteremka kutoka Sekei kwenda mjini nyuma ya kifodi kilichojaa, anakumbushwa ushuru wa barabara za Tokyo. Na si hilo tu. Redio za magari hayo zilitengenezwa kwa masafa ya Japani, ambayo kwa FM huanzia megahezi 76 na kwa muda mrefu yaliishia 90, baadaye 95. Sisi huku tunatangaza kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana wengi wenye magari hayo hata mazungumzo haya hawayapati mpaka fundi aongeze kifaa cha kuhamisha masafa, au ang'oe mtambo mzima. Kwa uzoefu wangu, watu wengi hapa mjini hawakununua kioo kikubwa kwa ajili ya kutafuta njia. Walitaka redio. Kionyesha njia kilikuja kama nyongeza.

Lakini kwa nini Wajapani waliweka ramani kwenye magari yao mapema kuliko mataifa mengi? Jibu linatuhusu sisi watu wa Sekei kuliko tunavyodhani. Mgeni akifika Japani hushangaa kukuta mitaa mingi haina majina. Anwani haimwambii nyumba iko barabara gani. Humwambia iko eneo gani, ndani ya eneo hilo kitalu gani, na ndani ya kitalu hicho jengo namba ngapi. Tena kwa utaratibu wa zamani namba zilifuata jinsi viwanja vilivyosajiliwa, wala si jinsi vilivyopangana, hata namba 3 ikaweza kuwa jirani na namba 27. Sheria ya mwaka 1962 ilijaribu kuyanyoosha mambo hayo, lakini majina ya mitaa haikuyaleta. Mjapani akienda kwa mtu asiyemfahamu alichorewa kijiramani kwenye karatasi, au alisimama kwenye kituo kidogo cha polisi kuuliza. Je, hilo halifanani na sisi?

Basi mwaka 1948, katika mji wa Beppu wenye chemchemi za maji moto, ilianza kampuni ambayo leo inaitwa Zenrin. Ilianza na vitabu vya kuongoza wageni, kisha ikaingia katika kazi ambayo ndiyo iliyoipa jina: ramani zinazoonyesha kila nyumba na jina la anayeishi humo. Watu wake walitembea kwa miguu, mlango hadi mlango, na karatasi mkononi, mji baada ya mji. Nyumba ikivunjwa, ramani inarekebishwa. Mtu akihama, jina linabadilishwa. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kufanywa kwa miongo kadhaa kabla ya mtu yeyote kuota kioo ndani ya gari.

Mitambo ilikuja baadaye. Mwaka 1981 Honda walitoa chombo chao cha kwanza cha kuonyesha njia, nacho hakikutumia setilaiti hata moja. Ndani yake gesi ya helium ilipulizwa ili kupima jinsi gari linavyogeuka, mzunguko wa magurudumu ukatoa umbali, na dereva akachomeka karatasi angavu ya ramani mbele ya kioo. Gari lilipovuka ukingo wa karatasi, alisimama akabadilisha nyingine. Mwaka 1987 Toyota wakaweka ramani kwenye diski ndani ya Crown. Mwaka 1990 Mazda wakatoa gari lao la Eunos Cosmo likiwa na kipokezi cha GPS tangu kiwandani. Yote hayo yalipata soko kwa sababu ramani ya kuweka ndani ilikuwepo. Yule mama anayezungumza kwenye gari la msikilizaji wetu anaijua Japani nyumba kwa nyumba, kwa kuwa kuna watu walioitembea. Amevushwa bahari akaletwa Sekei, na Sekei hajawahi kuambiwa.

Hapa inabidi nieleze kidogo GPS yenyewe, na kwa kuwa mimi ni mtu wa redio, kazi hii ni yangu. Kile kisanduku ni redio tu. Hakitumi chochote angani, kinasikiliza. Wamarekani walianza mpango huo mwaka 1973 kwa ajili ya jeshi lao, na setilaiti ya kwanza ikarushwa mwaka 1978. Setilaiti hizo huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiwa na saa ya atomu, na kila moja ikitangaza bila kupumzika: mimi ni fulani, niko hapa, na sasa ni saa fulani. Kisanduku chako kikisikia tangazo hilo hupima limechelewa kiasi gani kufika, na kwa ucheleweshaji huo kinajua umbali. Kikisikia setilaiti 4 kwa wakati mmoja, kinajua kilipo. Ukikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Sisi tunaosoma taarifa ya habari na kuchelewa nusu dakika hatuna la kujivunia mbele ya saa hizo.

Kwamba raia wa kawaida tunatumia mtambo wa jeshi, hilo lina chanzo cha msiba. Tarehe 1 Septemba, 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyopotea njia iliingia anga ya Kisovieti ikatunguliwa, wakafa watu 269. Baada ya hapo Rais Reagan alitangaza kwamba mfumo huo utakapokamilika utaachwa wazi kwa raia wa dunia. Ulikamilika mwaka 1995, lakini Wamarekani waliendelea kuuchafua kwa makusudi kwa watu wasio wanajeshi, hata kisanduku cha raia kikaweza kukosea mita 100. Uchafuzi huo uliondolewa kwa amri ya Rais Clinton usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, 2000. Kabla ya usiku ule kionyesha njia hakikuweza kukuhakikishia kama uko kwenye barabara hii au ile ya nyuma yake. Leo kuna pia setilaiti za Warusi, za Ulaya na za Wachina, na vipokezi vingi husikiliza zote.

Lakini angalia ni nini hasa kinachotangazwa kutoka juu. Ni saa na mahali pa setilaiti, basi. Hakuna setilaiti ya GPS inayojua kuna barabara, daraja au korongo. Hayo yamo kwenye ramani, na ramani huwekwa na binadamu.

Sasa turudi kwetu, na twende nyuma zaidi.

Pwani yetu haikuwa na uhaba wa watu wa kuonyesha njia. Neno rubani, ambalo leo tunampa mwendesha ndege, lilikuwa la mtu wa majini aliyepandishwa chomboni kwa sababu aliijua miamba ya mahali. Bara alikuwepo kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara na bendera, na wapagazi mamia walikanyaga alipokanyaga yeye. Mmisionari Rebmann, anayetajwa na vitabu kuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro, mwezi Mei mwaka 1848, hakufika kwa dira tu. Aliongozwa na Bwana Kheri.

Miaka michache baadaye mwenzake Rebmann, aitwaye Erhardt, alikaa Tanga miezi kadhaa akifanya jambo ambalo mimi kama mwandishi wa habari nalistahi. Aliwahoji watu. Wafanyabiashara wa misafara walipita, naye akawauliza: mnakwenda wapi, siku ngapi, mnavuka nini, mwisho wa safari kuna nini? Aliyetoka njia ya kusini alijibu kwamba mwisho kuna maji makubwa. Aliyetoka njia ya katikati, vivyo hivyo. Aliyetoka njia ya kaskazini, maji makubwa pia. Erhardt akakaa chini na Rebmann wakachora ramani, na mwaka 1856 ikawa imefika London mezani kwa Royal Geographical Society. Kwenye ramani hiyo katikati ya Afrika limelala ziwa moja kubwa la ajabu, limejipinda kama koa. Wazungu wenyewe waliicheka wakaiita ramani ya koa, lakini ndiyo mojawapo ya sababu zilizowaleta Burton na Speke. Waliondoka Unguja mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari mwaka 1858, na Agosti mwaka huohuo Speke akasimama ukingoni mwa Nyanza. Ziwa lile moja likawa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Nyanza.

Nani alikosea? Watu wa misafara hawakusema uongo. Kila mmoja alieleza maji aliyoyaona kwa macho yake. Kosa lilitokea mezani, pale mtu ambaye hakutembea alipounganisha vipande kwa kalamu. Nimeitaja ramani hiyo kwa urefu kwa sababu kosa lake lingali hai, na nitaonyesha lilivyonipata mimi.

Wajerumani walijenga boma lao hapa Arusha mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Waingereza walipochukua nchi, kazi kubwa ya ramani ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 waliunda idara ya upimaji wa makoloni yao, ndege zikapiga picha kutoka juu, na kutokana na picha hizo zikachorwa ramani ambazo sentimita moja ni nusu kilomita. Ni ramani nzuri; mpaka leo mpanda mlima anayeijua kazi yake huziheshimu. Ila zilipimwa kwa msingi wa hesabu ulioitwa Arc 1960, na GPS hutumia msingi mwingine. Ukichukua namba za mahali kutoka ramani hiyo ya karatasi ukaziingiza kwenye kisanduku bila kukibadilisha, kitakupeleka karibu mita 300 pembeni. Kwenye mbuga hutajua. Kwenye miteremko ya Meru, mita 300 ni bonde la pili.

Na kwa kuwa tumetaja hesabu, niseme neno kuhusu Mnara wetu wa Saa. Kila mgeni wa Arusha huambiwa kwamba pale ndipo katikati ya Cape Town na Cairo, na wajuaji hucheka. Nilikaa nikahesabu kwa namba za GPS. Kutoka Arusha hadi Cairo, kwa mstari wa ndege, ni kilomita 3,760 hivi. Hadi Cape Town ni kama 3,890. Ni kweli kwamba ukivuta mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili, katikati yake huangukia Kongo. Lakini kwa umbali, tofauti yetu na pande hizo mbili ni kilomita 130 tu, karibu na mwendo wa kutoka hapa hadi Mwanga. Wajuaji wapunguze kucheka.

Niwakumbushe pia kwamba gari la Kijapani na msoma ramani wa kwetu walikwisha kufanya kazi pamoja zamani. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kila gari lilibeba watu wawili: mmoja ameshika usukani, mwenzake ameshika daftari. Shekhar Mehta alishinda mara 5, mwaka 1973 na tena kuanzia 1979 hadi 1982 mfululizo, mara zote kwenye Datsun. Watu wanalikumbuka jina lake. Wachache wanamkumbuka Mike Doughty, aliyekaa pembeni yake katika ule ushindi wa mfululizo wa mara nne, akimsomea kona na mashimo waliyoyaandika wenyewe kwa kuipita njia kabla. Hata hao, msikilizaji, waliipita kwanza.

Sasa Sekei. Asiyeifahamu ajue kwamba ni sehemu ya mji iliyolala kwenye chini ya mlima, kaskazini ya barabara kuu. Njia zake zinapanda, na maji ya mlima yanashuka, kwa hiyo kati ya njia na njia kuna mto au korongo. Watu wanaishi humo kwa vizazi, wamejenga, wamegawa viwanja kwa watoto, na njia zimechipuka kama mizizi. Ukimuuliza mtu kwake ni wapi hakutajii mtaa. Atakuambia panda mpaka kwenye duka, ukiona kanisa umepitiliza, kata kwenye migrevilea, uliza. Mji mzima wa Arusha ndivyo ulivyo. Tuna Kwa Mrombo, tuna Kwa Mrefu, tuna Kwa Iddi, na vijana wanaoshuka vituo hivyo kila siku hawajui Mrombo, Mrefu na Iddi walikuwa akina nani.

Ilikuwa masika ya mwaka 2021, saa saba na dakika kumi usiku, mvua inanyesha. Rafiki yangu alinipigia simu. "Kaka, mama ameanguka, mdomo umepinda, haongei." Yeye hana gari, mimi ninalo, naishi upande wa Kijenge, si mbali. Kwake Sekei nilikuwa nimefika mara moja tu, mchana, nikiwa nimeelekezwa na mtu. Nikamwambia anitumie alama ya mahali alipo kwenye simu, naye akatuma. Wiki tatu kabla yake nilikuwa nimefunga kioo kipya garini, kikubwa, cha inchi 10, nikajivunia nacho kazini. Nikaiweka alama ile, kioo kikachora mstari wa buluu, na sauti, safari hii ya Kiingereza, ikaniambia nipinde wapi.

Nilipinda kila ilipotaka. Njia ikawa nyembamba, ikawa matope, ikawa majani pande zote mbili, kisha sauti ikatangaza kwamba nimefika. Mbele ya taa za gari kulikuwa na mbao mbili zilizolazwa juu ya korongo, na chini yake maji yanapiga kelele. Nikampigia rafiki yangu. Akasema anaziona taa zangu.

GPS haikukosea. Nilikuwa kama mita 80 kutoka kwa mgonjwa. Kati yetu kulikuwa na korongo ambalo kwenye kioo changu kikubwa halikuwepo. Palikuwa na rangi ya kijivu tu na jina la Sekei. Aliyeichora ile njia aliiona kutoka juu, akaona mstari upande huu na mstari upande ule, akaviunganisha. Koa wa Erhardt alikuwa amelala mbele ya bampa yangu.

Kugeuza gari pale usiku ilikuwa kazi nyingine. Nilipofanikiwa kurudi nyuma nikakutana na mlinzi wa geti moja, kijana wa Kimasai, shuka imelowa. Hakuniuliza namba wala mtaa. Aliuliza, "Unatafuta kwa nani, mzee?" Nikamtajia. "Yule mama aliyekuwa akiuza maziwa?" Ndiye. Akaanza kunielekeza: rudi mpaka duka lenye taa ya buluu, usikate hapo, kata pale ulipokuwa mgrevilea mkubwa. Nikamuuliza, ulipokuwa? Akasema ulikatwa mwaka juzi. Kisha akanitazama, akaliangalia geti lake, akafungua mlango wa gari akaingia. Aliacha lindo. Angeweza kufukuzwa kazi kwa usiku ule, na wote wawili tulilijua hilo. Alikaa kushoto kwangu na rungu lake magotini, akawa anasema kulia, kushoto, taratibu hapa kuna jiwe.

Tulifika kwa mgonjwa saa nane kasoro. Hospitali tulifika saa nane na nusu. Mama yule alipona, anaongea, anacheka, lakini mkono wake wa kushoto mpaka leo haunyanyuki kupita bega. Siwezi kusema ni ile nusu saa ya korongoni. Daktari hakusema hivyo, nami sikumuuliza.

Mwaka uliofuata, 2022, ikaja operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, kabla ya Sensa ya Agosti 23. Vijana walipita na simu mikononi, nyumba kwa nyumba, mitaa ikapewa majina, milango ikapata namba. Watu walilalamika kuhusu majina mengine, na baadhi ya vibao vimekwisha kuanguka. Lakini kwa mara ya kwanza mtu alitembea katika njia zile kwa nia ya kuziandika zote. Dar es Salaam jambo la namna hiyo lilikuwa limeonekana kuanzia mwaka 2015, pale wanafunzi wa vyuo na wakazi wa maeneo yanayofurika walipoichora mitaa yao wenyewe katika mradi wa Ramani Huria, wakaonyesha hata mifereji. Na wale wanaoendesha mpango wa m-mama, wa kuwasafirisha kinamama wajawazito na wachanga kwa kupiga 115, pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu huwatumia madereva wa jamii, watu wa hukohuko. Nadhani naelewa kwa nini.

Haya, msikilizaji wetu wa Sekei, nirudi kwenye swali lako.

Inchi. Kama dashibodi yako ni ya kawaida, 9 zinatosha. Kioo cha 10 kwenye gari dogo huja kimesimama juu ya matundu ya upepo, na katika baadhi ya magari hufunika kitufe cha taa za hatari, kitufe utakachokihitaji siku ya shida. Usikitazame dukani kwenye kivuli. Omba kitolewe nje saa sita mchana, kwa maana vingi vinavyong'aa dukani huwa vyeusi juani. Usiku nacho kiwe kinaweza kupunguzwa mwanga mpaka chini kabisa, la sivyo kitakupofusha kwenye njia isiyo na taa. Waya wa kunasa setilaiti usikubali usokotwe nyuma ya dashibodi chini ya bati. Ukae juu, karibu na kioo cha mbele, na kama kioo hicho kimebandikwa karatasi nyeusi yenye chembe za chuma, ujue unaziba masikio ya redio yako.

Zaidi ya yote muulize muuzaji ramani iliyomo imetoka kwa nani, na inafanya kazi bila bando la simu au la, maana ukipanda kidogo kuelekea mlimani mtandao huja na kuondoka. Wasafiri wa mbugani wengi hununua ramani za Tracks4Africa kutoka Afrika Kusini, zilizojengwa kwa nyayo za magari yaliyopita kweli. Kwa njia za porini ni nzuri. Kwa mjini kuna OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha na kuipakua bure. Mwambie fundi, kabla hujatoa hela, akionyeshe kioo hicho kikupeleke nyumbani kwa mama yako. Usimpe mtihani wa kwenda uwanja wa ndege, huko hata mimi nafika.

Mimi kioo changu cha inchi 10 bado ninacho. Mwezi Agosti baada ya usiku ule, korongo likiwa kavu, mimi na rafiki yangu tulitembea kutoka barabara kuu mpaka mlangoni kwa mama yake, simu mkononi ikirekodi, tukaweka njia ya gari inayopita kisiki cha mgrevilea na tukaandika kwamba zile mbao mbili ni za waenda kwa miguu. Ilituchukua Jumamosi moja. Ilikuwa kama kilomita moja na nusu.

Yule mlinzi hatukumkuta getini. Walituambia amerudi kwao Longido.

Na wewe ndugu, fundi akimaliza kufunga, usiondoke kabla hajawasha redio na kuizungusha mpaka mwisho wa masafa. Namba ya mwisho iwe 108.